Uliza Anti: Kifaransa cha rauta, rimoti na simu iliyogoma

Toleo lililopita nilidondosha sentensi moja tu hapa, kwamba Kifaransa changu sikukipata darasani, nilikipata nimepiga magoti nyuma ya kabati la tivii la mzee mmoja niliyekuwa namtunza kule Ufaransa, simu mdomoni imewashwa tochi, natafuta waya gani umechomoka. Sentensi moja! Meseji zimemiminika utadhani nimetangaza ajira. Kumbe tuko wengi tunaofika ugenini na vyeti vyetu kwenye bahasha, halafu mwenye nyumba akikuona tu una umri mdogo na simu ya kupangusa, basi keshaamua wewe ndiye fundi intaneti wa ukoo mzima. Nimechagua chache maana nyingine zinafanana. Maneno ya Kifaransa nimeyaandika yanavyoandikwa, na pale panapouma nimeweka yanavyosikika kwa sikio letu, wale mliosoma msinisute, najua haifanani kabisa.

SWALI

Shikamoo Anti. Niko Lyon mwaka wa pili sasa, namtunza bibi mmoja wa miaka 84, mtu mzuri sana, shida yake ni tivii na intaneti maana vyote vinapita kwenye kile kidude wanachokiita box, kikizima na yeye anazimika. Juzi kaniambia "y a plus internet" mi nikajua ananiambia intaneti imeongezeka, nikacheka nikamjibu "très bien", vizuri sana, akaniangalia kama nimemtusi. Halafu binti yake kapiga simu kutoka Paris anasema "débranchez, débranchez", nikachomoa waya wa kwanza niliouona, kumbe wa ekstensheni nzima, friji ikazima tukaja kugundua usiku samaki washayeyuka. Nianzie wapi? Nimenunua kitabu cha sarufi ila nikikifungua tu usingizi unanibeba.
Mlezi wa wazee, Lyon

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni na samaki.

Tuanze na hiyo "plus" maana imeshawaumiza wengi. Kitabu chako kinakwambia kukanusha lazima kuwe na "ne" mbele, sasa nenda kawasikilize wenyewe jikoni, "ne" wameimeza zamani, unabaki na "plus" peke yake na hapo ndipo unapopotelea. Ikitamkwa bila s mwishoni, plü, kwenye malalamiko kama hayo maana yake kitu hakipo tena, kimeisha. Ikisikika na s, plüs, hapo mtu anataka kiongezwe. Sio sheria ya kila mahali lakini kwa mambo ya sebuleni itakubeba siku nyingi. "Y a plus de son" sauti hakuna, "y a plus d'image" picha hakuna, "y a plus de piles" betri za rimoti zimekufa. Bibi akianza na "y a plus", wewe usicheke, inuka.

Kitabu cha sarufi kiweke chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nakwambia kitu ambacho mimi ningeambiwa mwaka wa kwanza ningeokoa machozi mengi: usianze na sentensi za fundi, anza na za mwenye tatizo. Sisi wote tunakimbilia kujifunza kuelekeza, bonyeza hapa, fungua pale, halafu tukishaelekeza vizuri kabisa tunakuta tumetibu ugonjwa ambao haukuwepo, kwa sababu alichosema mwenye kitu hatukukisikia. Na malalamiko ya nyumbani ni machache, yanajirudia kila wiki. "Ça marche pas" (sa marsh pa), haifanyi kazi. "Ça s'allume pas", haiwaki. "Ça s'est éteint tout seul", imezima yenyewe. "C'est bloqué", imeganda. "Ça a planté" nayo ni kuganda, zaidi ya kompyuta, na neno lenyewe ni lile la kupanda mche, yani kompyuta imeota mizizi hapo hapo. Ninayoipenda mimi ni "ça rame" (sa ram), intaneti inajivuta. Ramer ni kupiga makasia, na mtu wa pwani hapo haelezwi zaidi, mtumbwi mzito na maji yamekataa. Halafu kuna ile ya dunia nzima, "j'ai touché à rien", sijagusa kitu, ambayo kwa Kifaransa kama ilivyo kwa Kiswahili maana yake kagusa.

Ukishasikia tatizo, kabla hujanyoosha mkono omba ruhusa. "Je peux regarder ?" naweza kuangalia? Na kwa bibi wa 84 ni "vous", yani wewe ya heshima, mwanzo mwisho, usije na "tu", wewe ya kuzoeana, hata akikuzoea vipi mpaka mwenyewe aseme muitane "tu", chukulia kama shikamoo, haipotezi kitu. "Montrez-moi", nionyeshe. Hii moja ina thamani kuliko kurasa hamsini za kitabu chako, maana akikuonyesha kwa kidole huhitaji neno.

Sasa kuchomoa. Débrancher ni kuchomoa, brancher kuchomeka, rebrancher kurudishia. Éteindre ni kuzima, allumer kuwasha, redémarrer kuzima na kuwasha upya. Prise ni soketi, na multiprise ndiyo hiyo ekstensheni yako iliyoua samaki. Sentensi ambayo ingewaokoa ni fupi tu: "Je débranche celle-ci ?" (zhe debransh sel-si), nachomoa hii? Unashika waya, unasema, unasubiri "oui". Ukiwa na binti kwenye simu mpigie ya video aone mwenyewe. Ukishachomoa hesabu taratibu mpaka thelathini, rudishia, halafu hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kumtuliza bibi wakati box inaamka, maana inaweza kuchukua dakika kadhaa na yeye anataka taarifa ya habari. "On attend un peu, ça va revenir." Tunasubiri kidogo, itarudi. Usibonyeze kitu kingine chochote katikati, utaianzisha upya mtakesha.

Taa ya box inaitwa voyant (vwayan). Ukipiga simu kwa kampuni watakuuliza ya rangi gani na je inamwekamweka au imetulia, "il clignote" au "il est fixe". Rouge, orange, vert, blanc, hayo unayo. Watakachokuuliza pia ni kitufe kiko wapi, na hapa jihadhari, juu ni "au-dessus" na chini ni "au-dessous", tofauti yake ni ile ü ambayo Kiswahili hatuna, kwa hiyo juu na chini kwetu vinasikika kitu kimoja. Mimi nilipapasa juu ya box karibu nusu saa mzee ananipigia kelele "dessous! dessous!" na mimi namjibu "oui, dessus". Tangu siku hiyo nasema "en haut" na "en bas", na nikiambiwa hilo lingine narudia kwa hayo yangu nikiwa nanyoosha kidole.

Kuna jambo la paswedi pia. Mot de passe (mo de pas), na ya waifai utaikuta kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma au chini ya box, herufi na namba kibao. Ukisomewa kwenye simu utapotea kwa sababu moja, sisi shuleni tulitaja herufi kwa Kiingereza. G ya Kifaransa inatamkwa zhé na J inatamkwa zhi, yani kwa sikio letu zimebadilishana viti. Wakisema "i" wewe mkono wako unaandika E, kumbe ni I yenyewe. Wakisema "a" unaweza kuandika R. Dawa yake ni neno "comme": G comme Gabriel, J comme Julie, wenyewe wanafanya hivyo hivyo. Na uliza "majuscule ou minuscule ?" herufi kubwa au ndogo, na "zéro ou la lettre O ?" maana hiyo ndiyo inayoharibu kazi ukishafika mwisho.

Nyongeza mbili halafu nikuache. Ufaransa wanazima mtandao wa zamani wa nyaya za shaba, ule uliobeba simu ya mezani na ADSL, intaneti ya kupitia waya wa simu. Tarehe 31 Januari 2025 wameuzima kwenye komyuni 162, yani miji na vijiji, na wanaendelea eneo kwa eneo mpaka 2030, kwa hiyo kama bibi yako bado yuko huko ujue ipo siku utapigiwa simu kwamba "le technicien passe demain entre 8 heures et 10 heures", fundi atapita kesho kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kuja kuweka fibre, intaneti ya waya wa kioo. Ule waya mwembamba wa fibre usiukunje kupitisha nyuma ya kabati, ndani ni kioo. Na pili, usimwone bibi mshamba. Huyo huenda miaka ya themanini alikuwa anakata tiketi ya treni nyumbani kwake kwa kutumia Minitel, kile kidude chao chenye kioo na kibodi kilichounganishwa na simu kabla ya intaneti, wakati huo sisi tunapanga foleni simu ya posta. Waliizima 30 Juni 2012. Muulize "vous aviez un Minitel ?" halafu keti, hilo ni somo la saa nzima na hulipii.

SWALI

Anti habari. Mi naishi Lille nasoma, baba mwenye nyumba kaniita nimwandikie imeli maana macho yanasumbua, nikakaa kwenye kompyuta yake nikaandika vizuri tu, kuangalia juu nimeandika Kichina. A inatoa Q. Halafu ile alama ya imeli sijaiona kabisa nikajifanya chaji imeisha. Nisaidie nisirudi na aibu.
Mwanafunzi, Lille

JIBU

Hiyo ni AZERTY, soma herufi za mstari wa juu utaliona jina lake. A na Q wamebadilishana, Z na W wamebadilishana, M kahamia kulia kwa L, na namba za juu mpaka ushike shifti. Alama ya imeli inaitwa arobase, shika kitufe kilichoandikwa AltGr pamoja na kitufe cha sifuri chenye à. Akikutajia anuani na kusema "tiret du 6" ni kile kistari cha kawaida, "tiret du 8" ni kistari cha chini, kwa sababu ndipo vilipo kwenye kibodi, nimechekaga sana nilipogundua maana mwanzo nilikuwa naandika kistari halafu 6. "Point" ni nukta. "Pièce jointe" ni kile unachoambatanisha, na mwambie akumbushe kabla hujatuma maana tunasahau wote.

Na kama anapenda stori mpe hii. Neno ordinateur, yani kompyuta, lilipendekezwa mwaka 1955 na profesa wa chuo cha Sorbonne kule Paris, Jacques Perret, baada ya watu wa IBM Ufaransa, kampuni ya kompyuta, kumwomba jina la mashine yao mpya. Akawajibu kwa barua tarehe 16 Aprili kwamba neno lipo tayari kwenye kamusi, linamsifu Mungu anayeiweka dunia kwenye mpangilio. Sasa wewe umekaa mbele ya mpangaji wa dunia unatafuta arobase.

SWALI

Assalaam alaykum Anti. Mie wa Unguja, nimeolewa Marseille kwa Wangazija. Jirani yetu wa chini, mama wa Kifaransa peke yake, alikuja kagonga analia, kompyuta yake inapiga king'ora imeandika imefungwa na kuna namba ya simu apige. Kumbe keshapiga! Huyo mtu yuko hewani anamwomba kadi ya benki. Nilitaka nimwambie akate, neno likanigoma, nikamnyang'anya simu nikaizima, akanikasirikia mpaka mume wangu aliporudi akamweleza. Ningesema nini?
Bi Harusi wa zamani, Marseille

JIBU

Waalaykum salaam. Ulifanya sawa sawa, kunyang'anya pia ni lugha.

Neno ulilokuwa unalitafuta ni "Raccrochez !" (rakroshé), kata simu. Likifuatiwa na "c'est une arnaque" (set ün arnak), huo ni utapeli. Jifunze haya mawili leo hii kabla ya bonjour. Halafu "ne payez rien", usilipe chochote, na "ne donnez pas le code", usitoe namba ya siri. Ule ujumbe sio wa kompyuta, ni ukurasa tu wa intaneti umejitanua ukafunika kioo chote na kupiga kelele ili mtu apaniki, na ujumbe wa kweli wa hitilafu kutoka Microsoft hauweki namba ya simu, ukiona namba ya simu umeona mwizi. Mwambie "appuyez longtemps sur le bouton", ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ikiwaka tena asikubali kurudishiwa kurasa alizokuwa amefungua.

Kama keshataja kadi basi dakika hiyo hiyo apige benki, na sentensi ya benki ni ya kukariri kama dua: "Je veux faire opposition." Maana yake nataka kadi yangu ifungwe. Mtu anaweza kuongea Kifaransa cha sokoni miaka kumi asijue hiyo, kwa sababu opposition kwa sikio letu ni chama cha siasa. Na kama alimruhusu yule mtu kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, "il a pris le contrôle ?" kashika usukani?, basi achomoe intaneti na asiingie benki kwa kompyuta hiyo mpaka iangaliwe na mtu. Tangu Desemba 2024 kuna huduma ya serikali inaitwa 17Cyber, iko mtandaoni mchana na usiku, unajibu maswali inakwambia ufanye nini na inaweza kukuunganisha na polisi. Kaeni wawili muijaze, wewe utajifunza, yeye atatulia.

Na ukimsalimia kwenye ngazi sasa hivi sema "ça va mieux ?", unaendelea vizuri?, usianze kumsomesha. Aibu ya kutapeliwa inauma kuliko hela.

SWALI

Jambo Mama. Mie ni fundi simu, kwetu Kigoma lakini nina banda hapa Buyenzi, Bujumbura. Watu wa huku tunaongea Kiswahili na Kirundi bila shida, tatizo wateja wa maofisini, wanakuja na Kifaransa. Nimejifunza kwa video za Wafaransa, nimejua kuhesabu mpaka mia. Juzi nimemwambia mteja kioo "quatre-vingt-dix mille" akaniuliza "nonante ?" sikuelewa nikasema oui oui. Saa ya kulipa katoa hela sahihi, kumbe tulikuwa tunakubaliana. Hiyo nonante ni nini, na niseme nini ili nionekane fundi wa maana?
Fundi, Bujumbura

JIBU

Jambo sana baba. Nonante ni tisini. Wewe umejifunza tisini ya Paris, nne mara ishirini na kumi juu yake, ambayo hata wao ukiwaamsha usingizini wanaweza kukosea. Wabelgiji wana septante kwa sabini na nonante kwa tisini, na kwa sababu wao ndio waliotawala huko, watu wa Bujumbura, Kigali, Bukavu, Goma, Lubumbashi wote wanasema hivyo hivyo. Themanini tu ndiyo imebaki quatre-vingts. Kwa hiyo video zako zitumie kwa mengine, kwa bei sikiliza mtaani. Na siku mteja wa kutoka Ufaransa akikutajia namba ya simu, wao wanazitaja mbili mbili, fanya hivi: ukisikia "quatre" usiandike nne, subiri neno linalofuata, maana inaweza kuwa nne, themanini na mbili, au tisini na sita. Ukisikia "soixante", sitini, vile vile, kalamu juu, subiri, maana sabini yao ni sitini na kumi. Nimeona watu wameandika namba ya simu yenye tarakimu kumi na tano.

Kuonekana fundi wa maana sio kusema mengi. Mteja atakuja na "il est tombé", imeanguka, au "il est tombé dans l'eau", imeanguka kwenye maji, na hii ya pili ujibu haraka "ne le chargez pas", usiiweke kwenye chaji. "La charge ne passe pas", haiingizi chaji. "La puce n'est pas reconnue", laini haisomi, na puce hiyo hiyo ni kiroboto, usishtuke. "J'ai oublié le schéma", kasahau ule mchoro wa kufungulia. Wewe swali lako la kwanza siku zote liwe "vous avez sauvegardé vos photos ?" umehifadhi picha zako? Hapo hata kama Kifaransa kingine kimevunjika kama kile kioo, mteja anajua kafika kwa mtu. Halafu "on peut essayer, mais je ne promets rien", tunaweza kujaribu ila siahidi. Sema hiyo kabla hujafungua skrubu ya kwanza, ukiisema baada inakuwa kisingizio.

Na angalia "ça marche". Inafanya kazi, ndiyo, lakini pia ni sawa, tumekubaliana. Ukimwambia "revenez à 17 heures", rudi saa kumi na moja jioni, akajibu "ça marche", usimkatalie kwamba bado haijapona.

SWALI

Sasa Anti, hujambo. Mimi ni Mkenya, natunza wazee manyumbani hapa Montréal. Nilisoma Alliance Française Nairobi hadi nikapata cheti, nikajua nimemaliza. Nimefika hapa mzee ananiambia "pèse su'l piton de la manette", nikadhani nitafute mizani. Hii ni Kifaransa gani?
Mtoto wa Nakuru, Montréal

JIBU

Sijambo. Hiyo ni Kifaransa cha wenyewe, na mizani haihusiki. Piton ni kitufe, peser sur le piton ni kukibonyeza, na manette ndiyo rimoti. Huko simu ya mkononi ni cellulaire, na ukisema "portable" watakuangalia, ingawa hata Ufaransa hilo neno ni mtego maana ni simu na ni laptopu pia, uliza "le téléphone ou l'ordi ?". Mzee akisema "mon cellulaire est barré" hajakwambia imepigwa mstari, imefungwa, unamdébarria, yani unamfungulia. Taa na tivii huko zinafunguliwa na kufungwa, "ouvre la télé, ferme la lumière", ambayo kwa kweli ndivyo hata bibi zetu wanavyosema redio. "Ça marche pas pantoute" ni haifanyi kazi hata kidogo, hiyo pantoute ukiitumia mara moja mzee atakuchukua kama mjukuu.

Imeli ni courriel, na hili wamelibuni wao, Ufaransa wakaja kulikubali rasmi mwaka 2003 ingawa mtaani Paris watu bado wanasema mail. Moja ya mwisho isikutume kubaya: mitaa imejaa mabango ya "dépanneur". Ufaransa huyo ni fundi, mtu wa kuja kukutoa kwenye shida. Montréal ni kiduka cha mtaani cha maziwa na bia. Usimpelekee rauta.

SWALI

Anti mimi niko mapokezi hoteli ndogo Paje, Kifaransa sina, wageni wa Ufaransa wakija wanaulizia waifai na chaja mpaka nachoka. Nipe kidogo tu niandike kwenye karatasi niweke chini ya kaunta.
Mapokezi, Unguja

JIBU

Kidogo basi. "Le wifi ne passe pas dans la chambre" maana yake haifiki chumbani, mjibu "ici, ça capte mieux", hapa inashika vizuri, umwonyeshe kiti. Chaja zao zina miguu miwili ya duara na soketi zetu ni za matundu matatu ya pembe, kwa hiyo wanachotaka ni "un adaptateur", nunua kadhaa uweke droo, na waandikie majina maana zinaondokaga kwenye mabegi. Umeme ukikatika sema "coupure de courant", na kama mna jenereta, "le groupe électrogène démarre", jenereta inawaka. Kama hamna, usiseme.

Paswedi usiitaje kwa mdomo, G na J tumeshaziona hapo juu. Iandike kwenye karatasi kwa herufi zilizoachana, ila tarakimu moja (1) iwe na kijidole juu, na saba ipige kistari katikati, bila hicho kistari wengi wao wataisoma moja na atarudi kaunta akiwa na taulo begani.